Robota Akikukamata

Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, baba wa watoto watatu, kusimama mbele ya mashine ya gemu tangu asubuhi ni jambo la aibu, na Masalu alilijua hilo kabla hajaambiwa. Waliomwambia walikuwa wengi hata hivyo. Mama mkwe wake alituma salamu maalumu kutoka Misungwi. Jirani mmoja pale Nyakato alimuuliza kama keshokutwa ataanza kucheza gololi. Masalu alicheka nao, kisha akaendelea kwenda.

Chumba chenyewe kilikuwa Nyamagana, nyuma ya soko, ndani ya lililokuwa duka la ushirika. Ushirika ulikufa, rafu zikang'olewa, na Kashaija, Mhaya mmoja anayepiga pasi hata kaptula, akapapanga na kuleta mashine mbili kutoka Nairobi. Ilikuwa mwaka tisini na saba. Kila mwenye chochote alikuwa anafungua kitu. Mashine moja iliharibika wiki ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa ya ngumi na mateke, wapiganaji wanane, na maandishi yake yote ya Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyejua nani anaitwa nani. Vijana wakawabatiza wenyewe. Msichana mwembamba anayerusha moto wakamwita Sindano. Lile jitu lililojaza nusu ya kioo wakaliita Robota, maana huku kwetu watu wanajua robota la pamba likikudondokea linafanya nini.

Hakuna aliyemtaka Robota. Anatembea kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Moto hana, wa kurusha wala wa kuotea. Akiruka, una muda wa kukohoa kabla hajatua, na kwa unene ule hakuna teke linalomkosa. Akianza upande huu wa kioo, kumfikia adui wa upande ule ni safari ya kuaga nyumbani. Masalu ndiye aliyeona lingine. Aliona kwamba Robota akikufikia, yamekwisha. Unazungusha stiki duara zima, unabonyeza kitufe, naye anakukamata, anakupandisha juu, anakubamiza, na theluthi ya damu yako imekwenda. Mara tatu tu, adui yuko chini. Mkono wake unafika mbali kuliko unavyodhani, na akipigwa hatetereki haraka. Kazi yake yote ni kufika. Simba mwendapole ndiye mla nyama, Masalu alijiambia, na yeye mwenyewe alikuwa mzito wa mwili, mpana kiasi kwamba alisimama upande wa kulia siku zote, kwa sababu ule wa kushoto ulibanwa na ukuta.

Sasa, aibu hiyo ilikuwa na sababu. Kashaija alitaka msimamizi wa chumba, na hakutaka msimamizi wa kukaa kwenye stuli tu. Alitaka mtu asiyepigika, ili watu watoke Igoma na Kirumba kuja kumjaribu. Akatangaza mashindano: atakayeshinda Jumamosi, Jumatatu anaanza kazi. Masalu alikuwa hana kazi kwa miezi kumi na minne.

"Baba Mihayo, sikukatazi," mkewe Selina alimwambia Ijumaa, akianika dagaa uani. "Kama kuna kazi kwenye hilo televisheni, ifuate. Lakini ukiikosa, Jumatatu tunapanda gari la Misungwi. Mwenye nyumba ameshapata mpangaji."

"Misungwi tutafanya nini?"

"Tutalima. Baba yako ana jembe."

"Pamba ya mwaka jana bado iko ndani kwake. Nani ataichukua hiyo nyingine?"

Selina aliendelea kugeuza dagaa, maana naye aliogopa kama mumewe. Kurudi kwa baba na watoto watatu, kulala jikoni kwa watu, kila asubuhi kuulizwa mjini uliacha nini. Masalu aliiogopa siku hiyo kuliko kifo.

Ni vizuri ujue alivyoipoteza kazi ya kwanza. Miaka kumi na saba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo kule Nyakato. Kilipotangazwa kuuzwa, meneja aliwaambia mafundi waiandae mitambo ipendeze machoni pa wanunuzi, kiwanda kipate mwenyewe, kazi ziendelee. Masalu na wenzake walifanya kazi majuma mawili, wakafungua, wakasafisha, wakapaka grisi, mpaka mitambo ya zamani ikawa inafuma kwa mlio wa kupendeza. Mnunuzi alipendezwa kwelikweli. Aliipenda mitambo hata akainunua peke yake, akaipakia kwenye malori, akawaachia jengo na popo. Masalu alisaidia kuifunga kamba.

Basi Jumamosi asubuhi alifika mapema. Kashaija alikuwa anafagia, analalamika. Stiki ya kulia ilikuwa imelegea siku nyingi. Ukiigusa inaelea yenyewe, inayumba kama jino la mtoto.

"Leo watajaa watu hapa," Kashaija alisema, "na kitu chenyewe kinatia aibu. Ngosha," akamwita kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, "wewe si ulikuwa fundi?"

Lo! Kumwuliza Masalu swali hilo ni kumwuliza mlevi kama ana kiu. Majuma matatu mikono yake ilikuwa inamwasha kila akiishika stiki ile. Tena aliona ni bahati: Kashaija aone mwenyewe kwamba anaajiri mchezaji na fundi kwa pamoja. Alitoa kwenye mfuko wake spana na springi ya mtambo wa kufumia aliyobaki nayo kutoka kiwandani. Akafungua ubao, akatoa springi iliyochoka, akaikata ile mpya kwa kipimo, akaibana, akaweka tone la mafuta. Stiki ikasimama wima. Ukiisukuma inarudi katikati kwa nidhamu.

"Hii haitaharibika tena," alisema. "Miaka mitano, nakuapia."

"Umenifaa sana," Kashaija alisema, na alimaanisha.

Saa nane chumba kilijaa hadi barabarani. Masalu alipangiwa fainali moja kwa moja, kwa kuwa juma zima hakuna aliyekuwa amemshinda. Aliyefika kupambana naye alikuwa Chenge, kinyozi wa miaka ishirini na mitatu, ambaye Sindano alimtii kama dada yake mdogo.

"Shikamoo, baba," Chenge alisema, akasimama kushoto.

"Marahaba. Karibu upigwe," Masalu alijibu, watu wakacheka.

Raundi ya kwanza Robota alianza safari yake. Moto ulimjia, akajikinga. Mwingine, akaula, akasogea. Hatua mbili, hatua moja. Akafika. Masalu akazungusha stiki kama alivyoizoea, kwa kiganja tu, kwa wepesi ule ule. Springi ikamgomea. Duara halikufika mwisho, likakomea juu. Na mashine, ambayo haijui nia ya mtu, ikaelewa kwamba ameambiwa aruke. Robota akaruka. Alipanda polepole mbele ya watu wote, bonge la mtu, tumbo wazi, na Sindano akamngoja chini kwa teke.

Mara ya pili aliruka tena. Mara ya tatu Masalu alielewa. Mkono wake ulikuwa umejifunza ubovu. Akakaza kiganja, akazungusha kwa nguvu zote, duara likafika, Robota akamkamata Sindano na kumbamiza, chumba kikapiga kelele. Lakini damu ya Robota ilibaki kidogo mno, na moto mmoja ulimtosha. Raundi ya pili alishika kwa mikono miwili kama mtu anayefungua bomba lenye kutu. Robota aliruka mara nne. Vijana walikuwa hawacheki tena.

"Baba," Chenge alisema chinichini, "ungeiacha ilivyokuwa, nisingekuweza."

Masalu alimfuata Kashaija mlangoni. Alimwomba kazi ya ufundi basi, hata ya siku mbili kwa juma.

Kashaija alimwangalia kwa huruma ya kweli, hiyo ndiyo iliyouma. "Ile mashine nyingine imekufa kabisa, spea zake hakuna. Na hii umeniapia mwenyewe miaka mitano, ngosha. Fundi wa nini?"

Jumatatu alfajiri mizigo ilikuwa tayari, vifurushi vitatu na godoro. Watoto walikuwa wameketi juu ya godoro. Selina alipofungua mlango, bawaba zililia kama zilivyolia miaka yote tisa. Masalu alisimama kidogo. Kisha akafungua mfuko, akatoa kikopo cha mafuta, akapiga magoti, akatia bawaba ya chini, halafu ya juu.

"Unamtilia nani mafuta?" Selina aliuliza.

Aliusukuma mlango mara mbili, tatu, mpaka ukawa hautoi sauti, kisha akabeba godoro wakatoka.