Hatua Mbili na Kupinda

Darasani kwetu mtu hupimwa kwa muziki anaosikiliza. Ukikutwa na nyimbo za wazee umekwisha. Utaitwa cucu, yaani nyanya, mpaka umalize shule. Ndiyo maana siku Wamae, mvulana wa darasa letu, aliponipa kwa mara ya kwanza upande mmoja wa waya zake za masikioni, nikasikia vijana wakifoka kwa Sheng juu ya ngoma iliyoniuma meno, nilitikisa kichwa nikasema ni kali sana. Ningesema nini? Wamae akikuangalia unasahau jina lako, nami Murugi ninalo moja tu la kusahau.

Ukweli ni kwamba moyo wangu uko kwenye mwomboko. Naam, ile dansi ya wazee wetu wa Kikuyu: kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, na pete ya chuma inayogongwa kando yake. Hatua mbili, unapinda magoti. Hatua mbili, unapinda. Cucu wangu alinifundisha jikoni kwetu Tetu tukingoja maziwa ya asubuhi yachemke. Mara ya kwanza kodiani ilipolia kwenye redio yake nilisimama na kijiko mkononi, mwili umenisisimka, nikashangaa sauti inayopumua namna ile inatoka wapi. Maziwa yakamwagika yote. Hakunigombeza, aliniambia niweke kijiko chini, nimshike kiuno.

Mwezi wa saba Cucu akatimiza miaka themanini, familia ikaamua kumfanyia shukrani. Hema likapigwa uani, mchungaji akaalikwa, mpiga kodiani akaletwa kutoka Othaya. Wageni wakawa wengi kama kawaida yetu, walioalikwa na walioambiwa na walioalikwa. Miongoni mwao akatokea mzee Ngatia wa Endarasha, rafiki wa marehemu guka, babu yangu. Nyuma yake alikuwa mjukuu wake, na mjukuu huyo alikuwa Wamae.

Nilikimbilia jikoni. Nilimenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba nivimenye. Hofu yangu ilikuwa moja: muziki ukianza miguu yangu itanisaliti mbele yake, naye Jumatatu hatanipa tena upande wa waya.

Wimbo wa kwanza niliuvumilia. Wa pili nikajikuta mlangoni na kisu mkononi, nikichungulia. Wamae alikuwa ameketi kando ya mzee Ngatia, amefumba macho, na chini ya kiti viatu vyake vilikuwa vinakwenda hatua mbili na kupinda, bila kukosea hata kidogo. Nimeuona Mlima Kenya asubuhi ukiwa wazi mpaka kwenye barafu, kitu ambacho watalii hukilipia. Haujawahi kunisimamisha namna ile. Kumbe alikuwepo mwingine duniani, tena alikuwa akiketi nyuma ya dawati langu!

Cucu aliniona nimeduwaa, akafuata macho yangu mpaka yalipoishia. Akaninyang'anya kisu, akanivuta hadi katikati ya hema, kisha akamwita Wamae kwa kidole. Mtu wa miaka themanini hakataliwi siku yake.

Tukasimama uso kwa uso tukiona haya. Nikaweka mkono kiunoni mwake. Yeye akaweka wake begani mwangu, akatulia akingoja. Hema zima likaangua kicheko, nami nikaelewa tulichofanya. Katika mwomboko mwanamume ndiye anayeshika kiuno na kuongoza. Tangu guka afariki Cucu hakuwa na mwanamume wa kucheza naye, basi nafasi ya guka akanipa mimi, msichana.

“Nani alikufunza hivyo?” nilimwuliza.

“Guka. Cucu wangu alituacha, na guka hawezi cheza ya wanawake,” akasema, masikio yamemwiva kwa haya. “Sasa mimi ndio nilikuwa cucu.”

Nikamwuliza kuhusu zile nyimbo za kelele. Akakiri kwamba zinamuumiza kichwa. Alizichukua kwa binamu yake ili nisimwone kama mzee, na niliposema ni kali sana akaogopa kuziacha. Muhula mzima tulikuwa tumekaa tunaumizana masikio kwa mapenzi.

Mshereheshaji akachukua maikrofoni akatuamuru tubadilishane, mvulana awe mvulana. Tukajaribu. Akanikanyaga, nikamkanyaga, magoti yakagongana, na mpiga kodiani akaacha kupiga ili acheke vizuri. Mama alikuwa ameficha uso kwenye leso.

Wamae akainama sikioni mwangu. “Murugi, mimi sijui kuongoza. Si wewe unipeleke tu.”

Nikamtazama mchungaji, nikamtazama mama, nikarudisha mkono kiunoni mwake. Kodiani ikavuta pumzi. Hatua mbili, tukapinda, na magoti yetu yakashuka pamoja kama ya mtu mmoja. Sikujua kwamba mwili wa mtu mwingine unaweza kujua wimbo pale pale unapoujua wako. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Tulipogeuka nikaona, juu ya bega la Wamae, mzee Ngatia ameacha kiti chake. Alikuwa amesimama mbele ya Cucu, mkono kiunoni mwake, na Cucu ameweka wake begani mwa mzee, ametulia, anangoja kuongozwa. Hakuna aliyetuambia tena tubadilishane.