Kiti Mbele ya Honi

Fundi seremala aliingia duka la spika na kiti chake cha nyumbani kichwani, shemeji yake nyuma amebeba kanda kwenye mfuko wa plastiki. Mwenye duka akacheka.

"Mzee, viti hapa vipo."

"Vyenu ni vya kusinzilia. Mimi nimekuja kusikiliza."

Tangu amzike mkewe, miaka miwili sasa, fundi alikuwa na neno moja mdomoni: wakubwa wa hospitali ndio waliomuua. Walimpima kifua dakika moja, wakasema mafua, nenda nyumbani. Na kwake yeye wakubwa wote ni baba mmoja mama mmoja. Kilichobaki cha marehemu ni kanda ile, anaimba huku anakunja nguo, na redio ya nyumbani ilimtoa kama mbu ndani ya chupa. Ndipo fundi alipotaka spika za honi, zile zenye mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta. Aliambiwa hakuna zinazotoa sauti ya mtu kama hizo. Alitaka mkewe arudi chumbani mzima.

Mwenye duka akamwonyesha jozi iliyomfika kifuani. "Hizi ndizo wanazochukua wakubwa."

"Ndiyo maana hawasikii."

Kanda ikawekwa. Pale mlangoni, mbali na spika, sauti ilijaa ukumbi wa duka mpaka shemeji akashika shavu. Lakini fundi akatoa futi yake mfukoni, akapima mita mbili kutoka kwenye spika, maana chumba chake hakina zaidi ya hapo, akaweka kiti, akaketi. Mkewe akakatika vipande viwili. Nusu anaimba juu, nusu chini, kama wanawake wawili wanaogombania ndoo.

"Rudi nyuma, mzee! Honi kubwa inataka nafasi, sauti ya juu na ya chini ziungane."

"Nirudi nyuma nitoboe ukuta wa jirani? Mnatengenezea wenye kumbi, sisi wa vyumba tukae kimya. Lete zile ndogo."

"Zile ni za watu wa..."

"Lete!"

Zile ndogo zilikuwa na honi mojamoja, upana wa bakuli, na sauti yote ilitoka kinywa kimoja. Mkewe huyo, mbele yake, nguo magotini. Fundi alisikia hata shuka likikung'utwa. Kisha akasikia ambacho redio haikuwahi kumpa: kikohozi kikavu, kirefu, na sauti ya mwanamume nyuma yake.

"Kakohoe nje! Unaniharibia kanda."

Sauti ilikuwa ya fundi mwenyewe. Wimbo ukaendelea, kwa mbali kidogo.

Shemeji, ndugu wa marehemu, hakuwahi kumpenda fundi. "Kumbe! Na huyo naye ni mkubwa wa hospitali gani, shemeji?"

"Funga domo lako."

"Miaka miwili unatukana madaktari. Nyani haoni kundule!"

"Wao walikuwa na vyombo vya kusikilizia vifua!" fundi akabweka. "Mimi nilikuwa na msumeno!"

Mwenye duka akanyoosha mkono kuzima, fundi akauchapa kofi. Kanda ikaenda mpaka mwisho, ikakwaruza, ikanyamaza.

"Mzee," mwenye duka akanong'ona, "chukua zile kubwa. Kwa mita mbili zile, kikohozi hutakisikia sana."

"Hizo wapelekee wakubwa. Mimi nilimtaka mzima, kikohozi na vyote." Fundi akainuka. "Nifungie hizi ndogo."

Shemeji akashika kiti amsaidie. Fundi akamnyang'anya, akajitwika mwenyewe.