Maji Yanayoanza na Sifuri

Usiku wa jana niliota pampu yangu imenijia chumbani, ile ninayooshea malori pale Uyole. Ilikaa kwenye kiti, imevaa miwani.

"Baba Tusa," ikasema, "binti yako amekwama na wewe umelala."

Nikaiambia kwamba naota, kwa hiyo lazima niwe nimelala. Ikakubali.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwanangu Tusajigwe anasoma uhandisi chuo kikuu. Anatumia kompyuta kukokotoa jinsi maji yanavyochomoka kwenye mdomo mwembamba wa bomba. Maji yenyewe hayapo, ni hesabu zinazojifanya maji. Kila akiwasha, hesabu zinaharibika, na Alhamisi anasimama mbele ya walimu wake.

Juzi alinipigia simu. "Baba, wewe ukiwasha pampu, maji yanaanzaje?"

Nikamjibu, "Yanatoka tu. Waulize waliosoma." Mimi niliishia darasa la tano. Nikakata simu.

Sasa, ndotoni, pampu inafungua mlango mdogo ubavuni mwake. Naingia, natokea ndani ya kompyuta.

Ni kama nyumba ya wageni isiyo na korido: vyumba vya mraba, maelfu, vimebanana. Kila chumba kina mtu mmoja, ndoo moja, na namba imeandikwa kifuani mwake.

"Shikamoo," ananiamkia mama wa chumba cha kwanza.

"Marahaba. Una umri gani?"

"Nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Unanuka dizeli."

"Ni kazi yangu. Wewe kazi yako nini?"

"Mimi ni maji. Napokea kwa jirani, nampa jirani. Kilichoingia lazima kitoke. Wa chumba cha mbali simjui, na siruhusiwi kuongea naye."

Kengele inalia. Wote wanaganda, wanafuta namba vifuani, wanaandika mpya, wanaendelea.

Ghafla ukuta wa kushoto unafunguka. Maji yanaingia kwa nguvu zote, kama yalikuwa yanakimbia tangu wiki iliyopita. Mama anajaa hadi shingoni, wakati jirani yake ni mkavu kabisa. Anahangaika kutoa zaidi ya alichonacho. Namba yake inakua, inapanda mabegani, inashuka mgongoni, kisha inafutika.

"Umekuwaje, mama?"

"Nimekuwa Siyo Namba," anasema kwa upole. "Samahani, naambukiza."

Jirani anamjulia hali, naye anakuwa Siyo Namba. Jirani wa jirani vilevile. Baada ya muda mfupi nyumba nzima iko kimya na ndoo zimepinduka.

"Leo ni mara ya arobaini," anasema mama. "Sisi hatuumii. Tunafutwa, tunaanza upya. Tunamhurumia yule."

Ananionyesha juu. Dari ni kioo, na nyuma ya kioo kuna uso wa Tusa, mkubwa kama uwanja wa mpira. Macho yake ni mekundu. Nagonga kioo. Hasikii. Nagonga tena.

Nikishusha mkono, niko Uyole kwenye uwanja wangu wa kuoshea. Kioo kimekuwa dimbwi. Tusa amesimama pembeni, ana miaka sita, amepakwa mafuta ya nazi hadi anang'aa. Ameshika koki ya pampu kwa mikono miwili, kama alivyopenda kufanya zamani.

"Baba, nifungue?"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Si yanatoka tu?"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Ulimuuliza mtu uliyemzidi elimu."

Anafikiri. "Lakini mimi nina miaka sita."

"Kwa sasa, ndiyo."

Naweka mkono wangu juu ya mikono yake. Namwambia nilichokuwa namwambia kila asubuhi enzi zile. "Ukifungua yote kwa mara moja, mpira wa maji unaruka na kukuchapa. Anza na sifuri. Ongeza kidogo. Acha mpira uamke. Haya, sasa ongeza tena."

Maji yanatoka kama uzi, yananenepa, yananyooka. Pembeni yanajikunja na kuzunguka, duara ndogo zikifuatana bila kusukumana. Ndani yake anapita mama wa chumba cha kwanza na ndoo yake.

"Una umri gani sasa?" nampigia kelele.

"Sekunde mbili nzima!" anajibu, kwa sauti ya mtu mwenye wajukuu.

Niliamka alfajiri. Nikampigia Tusa simu kabla aibu yangu nayo haijaamka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza. Usianze na nguvu zote. Anza na sifuri, ongeza kidogo kidogo."

Akasema, "Baba, nimetoka kubadilisha hivyo hivyo sasa hivi. Inakwenda. Haijaharibika."

"Nani kakwambia?"

"Sijui. Nilisinzia mezani, nikaamka najua." Akacheka kidogo. "Halafu mkono wangu unanuka dizeli. Huku hosteli hata jenereta hatuna."

Nikanusa wa kwangu. Miaka ishirini unanuka dizeli, hata siku ya kanisa. Asubuhi hii ulinuka mafuta ya nazi.

"Baba? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Hebu niulize tena lile swali la juzi."