Ndama Mwenye Kucha

Nilikuwa kwenye paja la pili, natafuta kiungo kwa ncha ya kisu, sauti ilipokuja kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Nyamizi, mwambie mkwe wangu hicho kisu hakikati. Kinasaga."

Mke wangu alikuwa amechuchumaa hatua moja kutoka kwangu, anamenya vitunguu saumu. Aliinua kichwa. "Baba Agape, mama anasema kisu hakikati."

"Nimesikia," nilisema taratibu. "Mwambie asante, nitakinoa."

"Mayu, anasema asante, atakinoa."

"Nimesikia," ilisema sauti.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu tangu Jumapili. Kwa Wasukuma wa ukoo wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Neno likiwa la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu. Mimi ni Mkonongo, kwetu mambo haya yamelegea kidogo, lakini nilipooa binti yao nilipokea na adabu yao. Shida ni kwamba nyumba yetu hapa Makanyagio ni ndogo. Jiko liko nje, na ukuta wake mmoja ndio huohuo unaokinga kibaraza cha nyuma. Ni wa matofali ya kuchoma, na juu tumeuacha wazi ili moshi upite. Mama mkwe wangu, Mama Nyanzala, alikuwa anakaa kibarazani kwenye kigoda, mimi niko jikoni. Tulikuwa hatuonani hata kidogo, na tulisikiana mpaka kupumua.

Alikuwa ameletwa kutoka kijiji cha Mamba kwa sababu ya presha. Alianguka katikati ya jaruba la mpunga, wanawe wakamwokota ana matope mpaka masikioni. Daktari wa hapa Mpanda alimwandikia vidonge, akataka apimwe kila baada ya siku moja kwa wiki mbili, na akamkataza vitu viwili: chumvi nyingi na nyama ya ng'ombe yenye mafuta. Kwa mtu aliyekulia zizini, ukitoa hivyo viwili hujabakiza chakula. Siku ya kwanza alikunywa uji. Siku ya pili alikunywa maziwa. Siku ya tatu alisema hana njaa, na usiku ule Nyamizi aliniambia kanga ya mama yake sasa inamzunguka mara mbili.

Asubuhi ya siku ya nne, mama mkwe alimwita Elia, kijana wa bodaboda anayeegesha pale kona, akamwambia aje alfajiri ya kesho ampeleke stendi.

"Kesho si ndiyo siku ya kupimwa?" Nyamizi aliuliza.

"Watapima wengine. Mimi nikafe kwangu nimeshiba."

Akafunga begi lake, akaliweka mlangoni.

Sasa mimi nimepika miaka kumi na moja kwenye kambi ya watalii karibu na Sitalike. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kuosha sufuria, nikawa natazama. Siku moja mgeni aliacha kopo tupu lenye picha ya rojo zito jekundu, maharage na nyama ya kusaga, limeandikwa chili. Nilibandua karatasi yake, nikaibandika kwenye daftari, nikaitafsiri kwa kamusi neno moja moja: nyama, maharage, nyanya, pilipili, bizari nyembamba. Kopo lenyewe sikuwahi kulionja. Nilijaribu mara saba mpaka wageni wakaanza kuomba waongezewe. Kilichonifanya nilikumbuke siku ile ni jambo moja: kwenye chakula hicho, pilipili na moshi vikikaa vizuri, ulimi hausumbuki sana kutafuta chumvi.

Ilibaki nyama. Nilikwenda kwa jirani yetu Didace, anayefuga sungura nyuma ya nyumba yake. Sungura hana mafuta ya kumtisha daktari. Didace alimleta mwenyewe saa nne, ameshachunwa, ila mguu mmoja wa nyuma ameuacha na manyoya yake na kucha zake. Huwauzia hivyo watu wote, asije akasemwa ameuza paka.

Nyamizi aliuona ule mguu, akaukata haraka, akauzika kwenye ndoo ya maganda. Kisha akaenda kibarazani. Nilimsikia.

"Mayu, leo tumepata ndama. Ndama hana mafuta, daktari ameruhusu."

Aliporudi nilimtazama.

"Usinitazame hivyo," alininong'oneza. "Ukimwambia sungura, kesho tunamsindikiza stendi. Kwao sungura ni mchezo wa watoto wachunga ng'ombe. Unataka aondoke?"

Sikumlaumu. Mtu anayeona mama yake anapungua siku hadi siku hushika chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na Nyamizi ni ndama.

Basi tukaendelea. Nyama niliiosha kwa ndimu, nikaigawa: mapaja na mgongo vya leo, mikono na mbavu nikaviweka kando. Vipande vya leo nilivipitisha juu ya makaa bila mafuta, upande huu na upande ule, mpaka vikashika harufu ya moshi. Maharage mekundu yalikuwa yamechemka tangu asubuhi kwenye jiko la pembeni. Nilitia mawese kijiko kimoja na nusu, kitunguu, nikasubiri kibadilike rangi.

"Hoho hamna," Nyamizi alisema, anapekua kikapu. "Na nyanya ni tatu tu. Ngoja niende gengeni."

"Nenda."

Alijifunga kanga akatoka. Hapo jiko likanyamaza, maana mtu wa tatu hakuwepo tena. Nilisikia maharage tu. Mama mkwe alikuwa anachambua mengine kwenye ungo, kazi aliyojipa mwenyewe, changarawe zinagonga sahani ya bati moja moja. Kisha akakohoa.

"We kuku," alisema.

Ni kweli tuna kuku mmoja mweusi ambaye hapendi kutoka pale kibarazani.

"We kuku, hebu niulizie huko ndani. Kitunguu kinaungua au ni pua yangu?"

Nilifikiri kidogo. Nikaigeukia sufuria.

"Sufuria," nilisema, "kitunguu chako hakiungui. Nimekiacha kipate rangi."

"Kuku, umesikia? Kinapata rangi. Kwetu tunasema kinaungua."

"Sufuria, nitakigeuza."

Niligeuza. Nilitia kitunguu saumu kilichotwangwa, kisha bizari, na harufu ikapanda ikapita juu ya ukuta. Upande wa pili changarawe zikaacha kugonga.

"Kuku," sauti ilisema baada ya muda, sasa polepole zaidi. "Waulize wenye masufuria. Huyo ndama ni wa zizi gani? Harufu yake ngeni."

Niliweka mwiko chini. Maneno ya ndama yalikuwa ya Nyamizi, lakini sufuria ilikuwa yangu. Kule kambini niliwahi kumpa dereva mmoja Mwislamu maharage niliyoyakaanga kwa mafuta ya nguruwe. Nilidhani anajua, yeye alidhani nimekumbuka. Alipoambiwa hakugomba. Aliosha mikono, akaenda zake, na kwa miaka miwili iliyofuata hakula tena chochote nilichopika, ingawa salamu alinipa kila siku. Tangu hapo, anayekula kwangu lazima nimjulishe kilichomo.

Lakini pia nililiona lile begi mlangoni.

"Sufuria," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, "ndani yako hamtakuwa na ndama. Ni sungura. Wa kufugwa, wa Didace, amekula kabichi na majani ya viazi maisha yake yote. Mke wangu amesema ndama kwa sababu anaogopa mama yake ataondoka kesho. Na mimi naogopa. Ila anayekula ajue anachokula."

Kitunguu kilianza kushika chini, nikamwaga maji kidogo. Nilihesabu mpaka thelathini, nikaona kuhesabu hakusaidii.

"Kuku," alisema mwishowe. "Jirani wa watu alipita hapa mbele yangu saa nne, amening'iniza mguu una manyoya na kucha. Miaka sitini na nane nimeishi na ng'ombe. Ndama mwenye kucha sijamwona."

Niliuchukua tena mwiko, nikakigeuza kitunguu.

"Nikasema ngoja nikae hapa nione kama kuna mtu humu ataniambia. Tangu nianguke, kuku, kila mtu ananipa uongo mtamu. Wanangu wanasema mpunga umeiva vizuri. Mpunga huo nimeangukia ndani yake, niliuona kwa karibu kuliko wao! Daktari ananichekea. Binti yangu ananichinjia ndama. Mtu unajiuliza, kwani ndiyo nakufa, naliwazwa?"

Changarawe moja ikagonga bati.

"Na sungura nimeanza kumla kabla huyo mpishi hajazaliwa. Machungani, na kaka zangu, kwenye makaa. Bila hata chumvi."

"Sufuria," nilisema, "umesikia? Bila chumvi."

"Kuku, mwambie asifurahi mapema. Tulikuwa na njaa."

Nyamizi aliingia na hoho mbili na nyanya kwenye upindo wa kanga. Alitutazama, yaani alinitazama mimi na akautazama ukuta. "Nyie, kuna nini? Mbona kimya?"

"Hakuna kitu," nilisema. "Katakata hoho."

"Nyamizi," mama yake aliita, sauti imekunjuka kabisa. "Huyu ndama mmemtoa wapi?"

"Eeh... Inyonga, mayu."

"Inyonga! Mbali huko. Alikuja kwa miguu?"

"Kwa gari, mayu."

"Maskini. Na masikio yake yalikuwa marefu?"

Nyamizi alikata hoho vipande vikubwa mno. "Ya kawaida tu, mayu."

"Haya."

Niliinama juu ya moto ili mke wangu asione uso wangu. Nilitia hoho na nyanya, nikaziacha zife kabisa. Nikatia nyama niliyoichambua kutoka kwenye mifupa, maharage na supu yake, pilipili kichaa mbili nzima na moja ya kupasua. Chumvi nilipima kwa ncha ya kijiko. Nilifunika na kupunguza makaa. Chakula hiki hakitaki haraka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la Didace mafuta mekundu yalipoanza kuelea juu.

Nyamizi alisonga ugali. Nilipakua sahani ya mama mkwe kwanza, nikakamulia ndimu, akaipeleka. Mimi nilibaki jikoni na yangu, kama inavyotakiwa. Sikula. Nilisikiliza.

Nilisikia mikono ikioshwa. Nilisikia kikohozi kimoja cha pilipili, kisha kingine, kisha mtu akipenga kamasi kwa raha. Halafu nikasikia vidole vikikwangua sahani.

"Nyamizi."

"Abee, mayu."

"Mwambie mkwe wangu pilipili ameiweza. Maharage bado magumu, magego yangu siyo ya msichana. Kesho ayaloweke mapema."

Sahani ililia, nadhani Nyamizi alikuwa ameishika vibaya. "Kesho?"

"Kesho. Kwani kesho mnafunga?"

"Na Elia je?"

"Elia aje. Anipeleke kupimwa. Au mnataka niende hospitali kwa miguu na presha hii? Na ule mguu wa ndama mliouficha huko jikoni utupeni mbali, mbwa watauleta hapa uani watu waone."

Nyamizi alikuja jikoni, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nilikuwa nafunika ile mikono na mbavu zilizobaki, kazi inayohitaji umakini.

"Nani kamwambia?" aliuliza.

"Mimi sijaongea na mama yako," nilisema. "Niliongea na sufuria."

Alinipiga begani kwa kanga, lakini alikuwa anacheka, na alipofuta macho alisema ni moshi.

Kabla ya giza Nyamizi alikabidhiwa ule ungo na mama yake kibarazani, akaniletea. Upande mmoja maharage yalikuwa safi, yanang'aa. Upande mwingine bado yamechanganyika na changarawe na maganda, na katikati palikuwa na mstari uliopigwa kwa kidole.

"Anasema macho yamechoka. Nusu hii uiloweke sasa hivi, hiyo nyingine ataimalizia kesho akirudi kutoka kupimwa. Usiiguse, utamharibia mpango."

Niliosha ile nusu mara mbili, nikaimwagia maji. Ile nyingine niliiacha ilivyo kwenye ungo, nikaiweka juu ya rafu, mbali na kuku.