Mama Alikuwa

Siku ya kuzaliwa ya Roelien viti vilipangwa duara sebuleni kama kawaida, na kila mgeni alipoingia aliwapa wote mkono, mmoja baada ya mwingine, akiwapongeza kwa ajili yake. Mama yake, Aaltje, aliwekwa karibu na mlango, apate pa kupitisha kigari chake cha kutembelea. Tangu avunjike nyonga, miezi minne sasa, alikuwa akilala katika nyumba ya wazee. Mwanawe Harm alikuwa amemwahidi kwamba leo ataambiwa lini atarudi nyumbani kwake mwenyewe. Begi lake alikwisha kulifunga.

Kahawa ikaja, na biskuti moja moja, kisha kopo la biskuti likafunikwa.

Jirani aliisifu keki. Roelien akasema haifiki ile ya zamani. "Mama alikuwa fundi wa keki."

Aaltje alilisikia neno lile, *alikuwa*. Kwa miaka thelathini na minane aliwaimbisha watoto wa shule ya kijiji hiki wakati uliopita wa Kiholanzi: *ik was, wij waren*, nilikuwa, tulikuwa. Nusu ya duara hili ilipita mikononi mwake.

"Bado ni fundi," alisema kwa upole. "Nikirudi jikoni kwangu mtaionja."

"Haya, mwalimu kashika kalamu nyekundu," Harm akasema.

Wakacheka, wakaendelea. Mama alikuwa mkali. Mama alikuwa na baiskeli ya kijani. Mama alikuwa hapendi mbwa. Waliyasema hayo huku magoti yao yakigusana na yake.

Aliomba kwenda chooni. Kalenda ya siku za kuzaliwa iliyoning'inia mle ilikuwa mpya. Roelien alikuwa amenakili majina upya, kwa mwandiko aliofundishwa na mama yake. Waliokufa hawanakiliwi. Baba yao hakuwamo. Aaltje akafunua hadi Machi, tarehe kumi na nne, siku yake. Patupu.

Aliporudi alisimama katikati ya duara. "Narudi nyumbani lini?"

Roelien alitazama kikombe chake. Aliyejibu ni Harm, bila kupandisha sauti. "Funguo tulizikabidhi Jumanne, Mama. Kuna watu wengine mle sasa. Tungekwambia baada ya keki."

Aaltje akakaa polepole.

"Ilikuwa nyumba nzuri," alisema mwishowe.

"Umepata, mwalimu," Harm akasema. "Kumi juu ya kumi."

Wakacheka, wakashusha pumzi. Roelien akafunua kopo, akamwekea mama yake biskuti ya pili. Katika nyumba ya Roelien hakuna aliyewahi kupewa ya pili.