Vikonyo Tisa vya Mpeasi wa Mama

Kaka yangu Saidmurod alipopima kiwanja cha nyumba yake ya ndoa, kamba ilipita katikati ya mpeasi wa mama. Akapima tena kuanzia upande wa mfereji, ikapita palepale. Ardhi yetu ni kipande chembamba kati ya mlima na maji, na sehemu tambarare zilikuwa mbili tu: pale penye mpeasi na pale penye kitalu changu.

Kitalu kilikuwa changu mimi, Olim, na kijiji kizima kilijua kwamba kukigusa ni kunigusa mwili. Kwa miaka mitatu nilizunguka mabonde kwa miguu nikitafuta mapeasi ambayo watu wameyasahau. Nilikuwa na aina ishirini na tatu. Kulikuwa na lenye nyama nyekundu kama tikiti, na jingine dogo linalonukia waridi, na lile la watu wa bonde la juu ambalo haliliwi bichi, hupikwa na nyama ya kondoo mpaka linayeyuka. Hakuna aliyenifundisha kubebesha miche, kuchomeka kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine mpaka viungane. Nilijifundisha kwa kuvijeruhi vidole vyangu, na sikuona aibu kuwaambia watu kwamba nimewapita waliofundishwa.

Kwa hiyo mama alipoketi chini ya mti wake akasema hautakatwa yeye akiwa hai, mimi ndiye niliyejitia mbele. Nilisema nitachukua vikonyo tisa, vijiti vichanga vya mti wake, nivibebeshe kwenye miche yangu tisa ya mpeasi mwitu, na vikishika, mti mkubwa ukatwe bila machozi.

Mama aliweka kiganja kwenye shina. Mti ule alikuja nao akiwa bibi harusi, kikonyo kimoja kilichochomekwa kwenye kiazi ili kisikauke njiani, na marehemu baba akakibebesha juu ya mpeasi mwitu. Kijiji alikotoka kilifunikwa na tope la mlimani mwaka uliofuata, na mipeasi yao yote ikafukiwa. Mapeasi ya mti huo huvunwa Oktoba yakiwa magumu kama mawe, hufichwa kwenye majani makavu ghalani, na huliwa siku ya Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Machi, wakati bonde zima halina tunda. Hakuna mti mwingine wa namna ile.

"Vikishika vyote tisa," alisema mama. "Siyo vinane."

Nilikata vikonyo Machi, theluji ikiwa bado kwenye kivuli cha ukuta. Huko juu matawi yalikuwa mafupi, yamepinda, yamejaa vifundo vya uzee. Chini, kwenye shina, usawa wa goti, yalikuwa yametoka maotea manyoofu, yanang'aa, marefu kama mkono. Moyo wangu ukaenda huko. Gadoali, mzee anayebebesha miti ya kijiji tangu kabla sijazaliwa, alikuwa akipita na punda wake akasimama.

"Kata juu, Olim. Huko chini unachuma nini, kuni?"

Nilimjibu kwamba mfereji umemwaga udongo hapa miaka mingi, kwamba kiungo alichofunga baba kiko chini kabisa ardhini, na kila kinachoota juu ya udongo ni mti wa mama. Akasema huenda. Akasema pia huenda sivyo, na tawi baya la juu halina huenda.

"Fundi, macho yako yamechoka," nilimwambia. "Chunga punda."

"Punda wangu ana masikio, angalau," akasema, akaenda zake.

Nilipasua mashina tisa, nikachomeka vikonyo, nikafunga kwa kitambaa, nikapaka udongo uliochanganywa na samadi. Kisha nikaanza kungoja, na kungoja ni kazi nisiyoijua. Nilikizunguka kitalu asubuhi, kabla ya chai, baada ya chai. Mara mbili nilianza kufungua kitambaa nichungulie, mara mbili nikajizuia kwa kuukalia mkono wangu. Nilimfukuza kila aliyekaribia, hata mama. Kaka alisema kuku anayeatamia huondoka walau akale. Nilimwambia kuku hajengi nyumba ya mtu.

Siku ya ishirini na sita vilivimba. Siku ya thelathini na mbili vyote tisa vilikuwa na ncha ya kijani. Nilimwita mama ukutani, akahesabu kwa mbali kwa kidole, akaingia ndani. Kaka akatangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba msingi, Jumamosi. Watu wa bibi harusi walitaka nyumba iwe tayari wakati wa kuvuna zabibu, na kuta za matofali ya udongo zinahitaji kiangazi kizima zikauke.

Jumamosi walikuja wanaume thelathini na mmoja na masepetu yao, pamoja na mjomba wa bibi harusi, mtu wa maneno machache na kofia mpya. Sufuria ya pilau ilikuwa tayari motoni. Mimi nilikuwa kitaluni, kwa sababu sikuweza kuwa mahali pengine, na hapo ndipo nilipoliona jani la kwanza likiwa limekunjuka.

Majani ya mti wa mama ni ya mviringo, mazima. Hili lilikuwa limechanika pande zote mbili kama meno ya kitana. Nikaenda kwa la pili, la tatu. Yote yalikuwa na meno. Ule ulikuwa mpeasi mwitu wa milimani, ule ambao hata mbuzi huutafuna kwa hasira. Niliubebesha mwitu juu ya mwitu, tena kwa ustadi mkubwa, na vyote tisa vilishika.

Niliketi. Nikasimama. Kutoka pale nilisikia mtu akilinoa shoka. Hakuna aliyekuwa amesogea karibu kuona jani, na mti hauzai kabla ya miaka mitano. Miaka mitano mtu anaweza kuwa Urusi akibeba zege kama vijana wetu wengi, na tunda likiwa chachu anaweza kusema udongo haukukubali. Nilitembea mpaka mlangoni mwa kitalu, nikarudi, nikaenda tena. Nilimwona mama amesimama mbali na mti wake, ameupa mgongo, ili asione.

Nikatoka, nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba nimekosea. Nilisema nilikata maotea ya mwitu, yaliyotoka chini ya kiungo cha baba, kwamba Gadoali aliniambia nikamtukana, na kwamba sasa macho ya mti, vichipukizi vyake, yamekwisha kuamka, hayabebesheki mpaka Agosti. Mti ukikatwa leo, umekwisha duniani.

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Mama alikuja, akalichukua jani mkononi mwangu, akalipitisha kidole kwenye meno yake.

"Mpaka Agosti?" alisema kaka. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Mjomba huyu hapa. Mwambie wewe. Mwambie arudi nyumbani na watu wake, nyumba imezuiwa na jani."

Kwetu watu wakishafika na masepetu hawarudishwi. Nyumba iliyoahirishwa siku ya msaragambo hakuna anayempeleka binti yake ndani yake. Mjomba alikuwa tayari ameanza kuivuta kofia yake usoni.

"Chimbeni kitaluni," nilisema.

Kaka akanikazia macho. "Miche yako yote ina majani. Ukiing'oa sasa itakufa."

"Chimba, kaka, kabla sijabadili nia."

Hakusogea. Akanipa sepetu lake, nikachimba sepetu la kwanza mwenyewe, kando ya mche wa lile peasi jekundu. Baada ya hapo watu walikuja kwa pamoja. Gadoali alileta magunia yaliyoloweshwa, akanielekeza nikate majani nusu, na safari hii nilikata. Vibao vya majina vilichanganyika wakati wa haraka. Mpaka leo kuna miche mitano ambayo sijui ni ya bonde gani. Mchana mtaro wa msingi ulikuwa umezunguka mahali ambapo asubuhi palikuwa na kila kitu changu, na mjomba alikuwa akila pilau na sahani ya pili mbele yake.

Sasa ni mwisho wa Juni. Aina kumi na moja zimekufa kwenye zizi la Gadoali, tulikoihamishia miche. Mche wa lile jekundu umetoa jani moja, ukalikausha, ukatoa jingine. Kaka anazungumza nami kuhusu matofali, siyo kuhusu jambo lingine. Mpeasi wa mama umesimama, kivuli chake kinafika kwenye ukuta mpya, na huko juu, kwenye matawi mabaya, macho mapya yanakomaa polepole kuliko ninavyoweza kuvumilia. Juzi nilipanda mara nne kuyatazama. Jana mama aliificha ngazi.