Taa ya Kuongelea

Umeme ulikatika jioni, saa moja na dakika kumi, wakati Mama yuko katikati ya habari ya msimamizi wake aliyetumbukia ndani ya kikapu cha mashuka. Mama alikuwa dobi wa hospitali, na habari za kule chumba cha kufulia hakuna aliyezijulia kuzisimulia kama yeye. Mikono yake ilikuwa hewani, ndio kwanza msimamizi anateleza, giza likaingia. Habari ikaishia hapo.

Mama alikuwa kiziwi tangu utotoni, na Baba vilevile. Nyumba ile iliongea kwa mikono, kwa hiyo umeme ukikatika na maneno yalikatika. Gizani wangeweza kushikana viganja na kuandikiana herufi moja moja, lakini nani anasimulia kichekesho herufi kwa herufi?

Binti yao, mtoto wa pekee na mwenye kusikia, alinyanyuka akachukua tochi. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka sita. Alisimama kati yao na kummulika anayesema, kisha anayejibu, kisha yule wa kwanza tena, na utotoni alijua vizuri ukubwa wa cheo chake, maana asiyemulikwa hakuwa na la kusema. Siku Baba alipomkatalia kwenda kuogelea, binti alimwacha gizani robo saa nzima huku Mama akitoa hoja peke yake.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, muuza dawa, na wiki tatu mbele yake kulikuwa na safari ya mafunzo ya miezi tisa katika mji mwingine. Alimmulika Mama, msimamizi akamaliza kuanguka, Baba akacheka hadi akashika ubavu. Binti naye alicheka, lakini mkono ulikuwa umeanza kumuuma, na wazo likamjia: mimi nikiondoka, nani atashika tochi?

Jumamosi asubuhi akamleta fundi umeme.

Fundi alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye penseli juu ya sikio. Alipoambiwa wenye nyumba hawasikii, akavuta pumzi na kupaza sauti mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

"SHIKAMOO MZEE! SHIKAMOO MAMA!"

"Fundi," binti alisema, "wewe ongea tu kawaida. Nitawatafsiria."

Fundi akaona haya, akatoa daftari. "Haya. Umeme ukikatika, mnataka nini kiendelee kuwaka? Wengi huanza na friji."

Binti alitafsiri. Mama akatikisa kichwa, mikono yake ikaenda mbio.

"Anasema friji inaweza kusubiri. Yeye hawezi."

"Pasi?"

"Nguo zake za kazi hupigwa pasi hukohuko kazini."

"Sasa mnataka nini?"

"Taa," binti alisema. "Taa nzuri, kila mahali wanapokaa. Wanahitaji kuonana ndio waongee."

Fundi aliacha kuandika. Alimtazama Mama, akamtazama Baba, kisha akatazama balbu moja iliyoning'inia katikati ya dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona balbu maishani mwake.

"Kumbe," alisema polepole.

Baba aligonga meza kuomba nafasi. Yeye alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na alitaka jambo moja tu: televisheni. Ligi ilikuwa inaelekea ukingoni. Mama akamgeukia papo hapo.

"Ukitazama mpira hunitazami mimi," alisema kwa mikono. "Na usiponitazama umenifunga mdomo."

Fundi akakokotoa. Taa sita za wati saba. Televisheni wati sitini. Betri moja kubwa, ambayo hakutaka ishuke chini ya nusu ili idumu miaka. "Taa pamoja na televisheni," alisema, "mtapata kama saa tano na ushei."

Mama aliuliza: "Na bila televisheni, tutaongea kwa muda gani?"

"Saa kumi na nne."

Binti alitafsiri. Baba alimtazama mkewe, akamtazama fundi, na mikono yake ikajibu taratibu, kila neno peke yake:

"Saa kumi na nne? Weka televisheni."

Mama alimpiga kofi la bega, lakini alikuwa anacheka mpaka machozi, na binti hakuweza kutafsiri mpaka alipopata pumzi. Fundi alipoelewa, naye akaangua kicheko kilichomwangushia penseli kutoka sikioni. Wakakubaliana televisheni iwekwe na swichi yake peke yake, na swichi hiyo ikae upande wa kiti cha Mama.

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi aliposema betri inahitaji hewa na isikae sakafuni, Baba hakungoja tafsiri. Alimnyang'anya penseli, akachora kabati lenye miguu mifupi na matundu ubavuni, akaandika vipimo. Fundi akafuta kipimo kimoja, akaandika chake. Baba akakifuta cha fundi. Binti alikwenda kupika chai, na aliporudi aliwakuta wawili hao wamepiga magoti kando ya ubao, wanaelekezana kwa vidole na nyusi tu, na hakuna aliyemhitaji.

Kwenye taa ndiko fundi alikokwama. Aliifunga ya kwanza nyuma ya kiti cha Mama, mahali pazuri kabisa kwa waya, akafunga mapazia na kuiwasha. Mama akakaa na kusema jambo. Uso wake ulikuwa kivuli kitupu.

"Sioni kitu," Baba alisema kwa mikono.

Fundi alikaa kwenye kiti cha Baba akajionea mwenyewe. "Uso nao unasema?"

"Uso ni nusu ya neno," binti alimjibu. "Mikono ileile, ukikunja uso ni swali, ukiuachia ni jibu."

Basi akang'oa waya wote akaanza upya. Alihamisha taa, akakaa, akasimama, akahamisha tena, huku Mama akimwelekeza kwa kidole kama anayepanga fanicha. Saa kumi jioni ya siku ya pili, nyuso na mikono vilionekana kutoka kila kiti, mpaka pale mlangoni pa jikoni ambapo Mama alipenda kusimama na mwiko kutoa maoni.

"Sasa tujaribu," fundi alisema, akazima swichi kubwa.

Taa hazikutikisika. Baba na Mama waliendelea kubishana kuhusu rangi ya kabati. Lakini kutoka ndani ya kabati, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ililia: tiii, tiii, tiii.

Fundi na binti wakatazamana.

"Hiyo ni ya kuonya tu kwamba umeme umekatika," fundi alisema. "Na betri ikikaribia kuisha italia hivyohivyo, kwa nguvu zaidi."

"Italia," binti alisema, "na watakaosikia ni majirani."

Fundi alikuna kichwa. Akatoka, akapanda pikipiki yake, akarudi baada ya nusu saa na taa nyekundu ndogo kama kifungo cha koti. Aliifunga ukutani juu ya televisheni, iwake kila betri inaposhuka. Hakuna aliyemwomba. Mama alimtazama akikaza skrubu ya mwisho, akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaupeleka kidevuni pa fundi mwenyewe kisha akauteremsha mbele.

"Amesema nini?" fundi aliuliza.

"Amekufundisha kusema asante."

Fundi aliirudia ile alama mara tatu, ya tatu akaipatia, na Mama akampigia makofi ya viziwi, viganja vyote viwili vikipepea juu.

Binti alisafiri. Mwezi wa pili, jioni moja, alipiga simu ya video kutoka chumba chake cha bweni. Mama alipokea, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mtaa wote ulikuwa hauna umeme tangu saa kumi, Mama alisema, kwa hiyo rafiki zao wote wamekuja. Na kweli sebule ilikuwa imejaa: fundi viatu na mkewe, mwalimu wa shule ya viziwi, madobi wawili, wengine wamekaa mkekani. Fundi umeme naye alikuwepo, amejibana kwenye kona ya kochi, akimweleza mwalimu jambo kwa alama zenye makosa matupu, na mwalimu akijitahidi asicheke.

Wote walimpungia binti. Walimuuliza kama anakula vizuri, kama ni baridi huko. Kisha fundi viatu akamkumbusha Baba bao fulani, Baba akainuka kubisha, Mama akaingilia, mwalimu akaruka juu kutaka zamu, na baada ya dakika tano hakuna aliyekumbuka kama simu iko hewani.

Binti aliegemeza ya kwake kwenye kikombe, akavuta sahani ya chakula, akakaa anawatazama.